Mashine ya Unga Iliyokuwa Ikikohoa

Mwanangu, iko Jumamosi moja pale Ruiru haijanitoka kichwani. Hata leo nikisikia injini ikikohoa barabarani, mimi husimama kidogo nisikilize.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Bwana yangu, Kamau, alikuwa amejifunza ufundi kwa karakana moja huko Thika, kwanza akifagia, halafu akishikia wengine spana. Sasa alikuwa amepata kazi yake ya kwanza akiwa peke yake. Alipewa ile injini ya dizeli ya mashine ya unga ya Mzee Gathogo, aifungue yote, aifanye upya. Mashine ilikuwa moja tu pale kwetu. Na miaka ile ya hali ya hatari, wakati wa Mwingereza, huwezi kujitwika mahindi ukaenda kusaga Thika vile unataka, mpaka uwe na karatasi ya ruhusa. Kwa hivyo wakati wote injini ilikuwa imelala chini vipande vipande, sisi tulikula githeri, mahindi ya kuchemsha na maharagwe, kesho githeri, mpaka watoto wakauliza kama ugali ulikufa.

Siku hiyo Kamau alikuwa amemaliza. Wamama wakaja na magunia na madebe, foleni ikafika barabarani. Tukaomba, kwa sababu kwetu kitu kipya hakianzi bila kuombewa. Kamau akazungusha hendeli, injini ikashika, tuk-tuk-tuk, na wamama wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu. Mimi nikasimama pale mbele kama ni mimi nimeitengeneza.

Hayakupita madebe mengi. Sauti ikaanza kuyumba, ikapanda, ikashuka, ikakohoa, ikazima.

Kamau akafungua tangi, akatumbukiza kijiti. Dizeli iko. Akafunga, akazungusha, ikashika vizuri kabisa. Tukapumua. Baada ya muda ule ule, ikakohoa tena, ikazima.

Unajua foleni ya wamama, mwanangu. Hainyamazi.

"Fundi, hii mashine iko na kifua?" akauliza Nyambura, jirani yetu mwenye mdomo.

"Mpikie chai ya tangawizi," akadakia mwingine.

"Heri jiwe la kusagia la mama yangu. Hilo halijazima hata siku moja."

Wengine walikuwa wameanza kusema vyuma vimebaki chini, ati Kamau alisahau kuvirudisha. Wanasema lisemwalo lipo. Mimi siku hiyo niliona hata lisilokuwepo husemwa.

Mzee Gathogo akatoka nje. Hakupaza sauti. "Kijana, jua likifika juu ya paa la kanisa na hii kitu haisagi, Jumatatu naleta fundi kutoka Thika. Na wewe hutaigusa tena."

Ruiru ilikuwa ndogo. Fundi akifukuzwa kwa kazi ya kwanza, nani atampa ya pili?

Kamau akanivuta kando. Akaniambia polepole, "Nafikiri nimekaza sana ndani. Ikipata moto, inabana. Lazima nifungue yote." Nikamwambia fungua haraka basi, kabla watu hawajaenda. Akachukua spana kubwa.

"Kamau, weka hiyo chuma chini."

Ni mama mkwe wangu, ameketi juu ya gunia lake katikati ya foleni.

"Mama, hii ni mambo ya injini."

"Na wewe ulikuwa mambo ya nani? Ulikuwa unalia usiku kucha. Kama ningekupasua tumbo kila ukilia, ungekuwa na hizo ndevu? Mtoto akilia unaangalia kwanza kama nguo imembana. Halafu kama ni mdudu. Halafu kama ni njaa. Tumbo ni mwisho kabisa." Akanigeukia. "Na wewe Wanjiru, usimkimbize. Kuomba tunaomba, lakini macho yakiwa wazi."

Wamama wakacheka. Kamau hakucheka. Alisimama akiangalia ile spana, halafu akaiweka chini. Akafungua tangi akachungulia tena, akafunga, akawasha, akangoja. Ilipozima tu, bila kugusa kitu kingine, akashika hendeli. Ikazunguka laini. Akanitazama.

"Haijabana," akasema. "Ingekuwa imebana, hendeli ingekataa. Basi hii ni njaa."

Akalegeza paipu chini ya tangi. Dizeli ikadondoka, tone, tone, ikakauka. Na tangi imejaa. Akapanda juu, akashika kifuniko, akakizungusha kidogo. Kikatoa sauti, fsss, kama mtu aliyezuiwa kupumua. Hapo hapo dizeli ikamwagika chini kama maji ya mfereji.

Kamau akageuza kifuniko. Katikati kina tundu ndogo, na tundu imezibwa na kitu cheupe. Akakikwaruza na ukucha, akanusa.

"Sabuni," akasema.

Foleni yote ikanyoosha shingo. Halafu mama mkwe akasema, kwa sauti ya chini sana, "Kwani hiyo tundu ilikuwa ya kazi?"

Kumbe jana yake alimletea mtoto wake chakula, akaona kifuniko kimetoboka. Akasema huyu amechoka, hajaona, uchafu utaingia. Akaziba na sabuni, vile sisi sote huziba debe la mafuta ya taa likivuja. Tangi ikakosa pa kuvutia hewa, na bila hewa kuingia dizeli haitoki. Ni kama kopo la mafuta ukilitoboa tundu moja tu. Kila mara Kamau alipofungua kuchungulia, hewa iliingia, na ndiyo sababu ilikuwa inashika tena.

"Mama Kamau," akasema Nyambura, "umeleta ugonjwa na umeleta dawa."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mkwe alicheka kuwashinda wote, akijifuta macho na leso. Na injini ilishika, ikasaga mpaka gunia la mwisho, jua likiwa limeshapita paa la kanisa na Mzee Gathogo hata haliangalii. Niliingiza mkono kwa unga wetu. Ulikuwa bado moto. Nikalia kidogo, mwanangu, machozi ya kushukuru tu.

Tukienda nyumbani mama mkwe akaniambia, "Angeifungua yote mpaka kesho kutwa, na sabuni ingekuwa pale pale juu."

Basi nisikilize. Kitu ulichotengeneza kikikataa, iwe ni injini, ni ndoa ama ni urafiki, usikimbilie kupasua tumbo. Anza nje, anza na kidogo. Uliza nani alipita hapa baada yangu, kwa sababu kuuliza si ujinga. Na ukimpata, kumbuka mara nyingi alikuwa anakusaidia. Cheka naye, halafu mfanye kazi pamoja.

Mungu akupe mikono mitulivu na mtu wa kukuambia weka chuma chini. Na pale unapopatia pumzi, pasizibwe na mtu, hata anayekupenda.