Jumamosi za Mwalimu Kastori

Kastori alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Burundi kijana, ana Kiswahili safi na Kifaransa cha kuombea maji. Chuoni Gitega alikuwa akicheka mizaha ya Kifaransa ya maprofesa wakati wenzake wameshamaliza kucheka. Alipokuja kuwa mhadhiri wa uchumi palepale, aliapa kuwa hakuna mtoto wa waliorudi atakayeteseka darasani kwake kama alivyoteseka yeye.

Nia nzuri, lakini mdomo! Siku moja alisimama mbele ya ukumbi mzima akatangaza: "Mliotoka Tanzania, njooni Jumamosi niwafafanulie kwa Kiswahili." Akawataja kwa majina. Jumamosi akangoja mpaka adhuhuri, hakutokea hata paka. Jumatatu akasikia kwamba Jeska, binti mwenye kichwa chepesi kuliko wote, ameacha masomo na kurudi kwao Butihinda, upande wa Muyinga.

Kastori akamfuata. Alimkuta akipalilia maharage na baba yake, Manase.

"Mwalimu," Manase alisema baada ya salamu, "mwanangu hakukimbia Kifaransa. Kule tuliitwa wakimbizi. Tumerudi kwetu, tunaitwa Watanzania. Na wewe, mwenzetu kabisa, ukamwita hivyohivyo mbele za watu."

Kastori aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Nisamehe, Jeska. Nimekosa. Rudi."

"Nitarudi, mwalimu," Jeska alisema, jembe mkononi. "Ila Jumamosi uwaite wote."

Wote? Moyoni Kastori aliona ni kupoteza muda. Wale wanaotiririka Kifaransa watafuata nini? Lakini alikubali, na aliporudi aliwaita.

Ukumbi ulijaa pomoni. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Trésor, kijana wa Kivu, Kongo, bingwa wa Kifaransa darasani, aliyekaa pembeni mwa Jeska.

"Prof, hii mambo ya bei kupanda kila siku, mi nilishika maneno tu. Maana yake sijue, kweli, vraiment."

 Vichwa vikaanza kutikisika kukubali, hata vya mabenchi ya mbele. Kumbe! Miaka yote Kastori alikuwa akiwahurumia wachache, na wengi walikuwa wakizama kwa Kifaransa fasaha.

"Naweza kumweleza," Jeska alisema. Akaenda mbele, akaomba chaki.

Kastori akampa, akaenda kukaa pembeni mwa Trésor, mahali alipotoka binti, akasikiliza.