Mzee Aliyesikia Habari ya Homoni Tu

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Mwanza, nikisubiri majibu yangu. Jirani yangu pale benchini, mzee mmoja wa Kiseke, hakutulia: anakaa, anasimama, anakwenda chooni, anarudi akifuta jasho. Mkewe alimfuata kwa macho tu.

Daktari akaja akainama karibu nao, lakini mzee hasikii vizuri, kwa hiyo sote tukasikia.

“Shikamoo, mzee. Tezi dume imevimba, mkojo hautoki wote, na figo zimeanza kuelemewa. Itabidi tukuwekee mpira wa kutoa mkojo leo. Homoni za kiume ziko sawa kwa umri wako.”

Mzee akanyoosha mgongo. “Umesikia, mama? Niko sawa. Twende nyumbani.”

Mkewe akamshika shati. “Kaa, mzee wangu. Figo zikifa, huo uanaume nitauzika pamoja na wewe.”

Mzee akatazama sakafu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama mpira wa mkojo unauma, akamfuata daktari ndani.

Sisi wanaume tukipewa majibu, husikia lile linalotusifu. Mengine tunawaachia wake zetu. Nilipoitwa mimi, niliomba nianze kusomewa mabaya.