Kidaka cha Mwanaidi

Siku Mwanaidi alipofungua nyumba yake mpya pale kisiwani Songo Mnara, wanawake walijaa sebuleni hata kabla ya dua kusomwa, na wote walitaka kuona kitu kimoja ambacho yeye hakutaka kionwe.

Kilikuwa ukutani, mkabala na mlango: kidaka kikubwa cha kuwekea vitu, kilichochimbwa ndani ya ukuta kama mihrabu ndogo, na juu yake kimening'inizwa kitambaa cheupe alichokidarizi maua mekundu kwa mkono wake. Kitambaa kilibanwa kwa misumari pembe zote. Kushoto na kulia vilikuwa vidaka vidogo, wazi kabisa, kimoja kina chetezo cha kufukizia ubani, kingine kina vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo bado havijaonja chai.

"Shoga, mbona umekivika shela?" Umi aliuliza. Umi alikuwa jirani yake, mwanamke mwenye ulimi wa upupu. "Au kidaka ndicho kinachoolewa leo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwanaidi naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa.

"Saruji haijakauka."

"Haijakauka tangu Mfungo Sita? Saruji gani hiyo, ya uji?"

Kabla hajapata jibu, Likwata, fundi aliyeijenga nyumba ile, alichungulia kwenye mlango wa uani akamwita kwa kidole. Mwanaidi akatoka akijifuta mikono kwenye kanga. Likwata ni mtu wa bara, Mmachinga kwa kabila, mpole asiyependa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa nayo machache zaidi.

"Mashua ya kutoka mjini Masoko imemleta afisa wa mambo ya kale," alisema. "Yuko magofuni na shemeji yako Hussen tangu asubuhi. Kuna jiwe halionekani."

"Jiwe gani?"

Likwata alielekeza kidevu sebuleni. Kisha akaangalia chini.

Watu hupamba nyumba zao kwa macho ya watu wengine. Wa Maskati huitazama Dubai, wa Dar es Salaam huitazama Maskati, na wa Lindi huitazama Dar es Salaam. Mwanaidi alipoanza kujenga, mpwa wake aliyeko Lindi mjini alimtumia picha kwenye simu kila jioni: dari za jipsamu zenye taa za buluu, masofa makubwa kama vitanda, maua ya plastiki marefu kuliko mtu. Alizitazama zote kwa heshima. Hakuna hata moja iliyomgusa moyo. Alizaliwa kwenye nyumba ya miti na udongo, akaolewa kwenye nyumba ya miti na udongo, akaachika, na miaka yote ya kuokota pweza na kufyeka nyasi magofuni alikuwa na nia moja: nyumba ya mawe, yake mwenyewe, ambayo mwanamume akija atakuja kama mgeni.

Kazi ya kufyeka ndiyo iliyomfundisha alichokitaka. Kila msimu wa nyasi, yeye na wanawake wenzake waliingia na mapanga yao kwenye majumba yale ya kale yasiyo na paa, na wenzake walipopumzika kivulini, yeye alisimama kwenye vyumba vya watu waliokufa zamani akitazama kuta. Vidaka safu kwa safu. Hapa waliweka taa, alijiambia. Hapa misahafu. Hapa, mwanamke mwenye maringo kama yangu aliweka sahani zake nzuri ili wageni wazione na wakereke. Alimpeleka Likwata akavipime kwa kamba, na Likwata akajenga viwili vidogo, vikapendeza. Kile kikubwa kikakataa. Kila alipoujenga upinde wake kwa saruji, ulitoka mnene, mzito, kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Kisha mvua za masika ziliangusha jiwe kwenye nyumba moja iliyo karibu na mikoko. Mwanaidi alilikuta kwenye majani, kichwa chini: tumbawe jeupe, pana, lililopindwa kama upinde wa kidaka, limechongwa msokoto wa kamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, laini kama limetoka kwa fundi jana. Sisimizi walikuwa wakipita juu yake.

Hakuiba. Hilo alilishikilia, na alikuwa tayari kuliapia. Jiwe la nyumba iliyoanguka huombwa kwa mwenye nyumba. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwa hiyo aliomba. Alikwenda pale na ubani na marashi, akavua viatu, akasimama kwenye kilichokuwa kizingiti, akapiga hodi. Akawaambia wenye nyumba jina lake na la mama yake, akawaambia anataka jiwe moja, lile lililokwisha kuanguka, na kwamba ataliweka mahali pa heshima wala hataliweka jikoni. Wakimkatalia, wamwonyeshe usingizini. Usiku ule aliota anapika pweza, na pweza akaiva laini. Ishara njema kuliko hiyo aitake ipi? Alilifunga jiwe kwenye kanga, akalibeba kichwani kama anayebeba kuni.

Walio hai hakuwaza kuwauliza.

"Wanasema Hussen ndiye atakayejibu," Likwata alisema sasa. "Yeye ndiye mlinzi. Afisa ana picha ya ukuta ulivyokuwa mwaka jana. Anasema kama jiwe halionekani, ataondoka naye leo wakamhoji Masoko, na ulinzi atapewa mwingine."

Hussen alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, baba wa watoto wanne ambao hakuna mwingine wa kuwalisha. Mwanaidi alitazama kuelekea baharini.

"Halionekani," alisema polepole. "Lakini si wataondoka jioni? Maji yakijaa lazima mashua iondoke."

"Lazima."

"Basi funga mdomo, fundi."

Akarudi ndani. Akapitisha vitumbua. Shangazi mmoja aliomba dua, wanawake wakaitikia amina, na kila amina ilimchoma Mwanaidi kama mwiba wa samaki. Alijipa hesabu yake: alasiri itafika, maji yatajaa, afisa ataondoka. Hussen ni mwanamume, atajitetea. Watamhoji, watamwachia. Kesho yeye atamlishia watoto. Kesho kutwa...

"Hodi humu!"

Sauti ilikuwa ya Hussen mwenyewe.

Hilo ndilo ambalo Mwanaidi hakulifikiria, na angepaswa kulifikiria kuliko mtu yeyote. Mgeni wa serikali hakalishwi kwenye mkeka. Hupelekwa penye viti. Na kijijini pale, tangu masofa yake yalipovushwa kwa mashua kutoka Masoko yakiwa yamefungwa nailoni kama maiti wa kitajiri, penye viti palikuwa kwake tu. Alijisifia mwenyewe. Aliwaambia wanakijiji: mgeni akija, msihangaike, leteni kwangu.

"Karibuni," alisema.

Afisa aliitwa Fidelis, kijana wa Kimakonde mwenye viatu vilivyojaa tope la mikoko. Alivivua mlangoni. Akawaamkia wanawake wote kwa pamoja, "Shikamooni mama zangu," wakaitikia "Marahaba" kama darasa. Akaketi kwenye sofa lililoelekea ukutani. Hussen alikaa ukingoni mwa kiti kingine, kofia mkononi, akiizungusha, akiizungusha.

Mwanaidi alimimina chai.

"Mama," Fidelis alisema, "vidaka hivi umeviiga wapi?"

Mwanaidi aliweka birika chini.

"Huko huko ninakofyeka."

"Ala!" Kijana alisimama na kikombe chake, akasogelea kile chenye chetezo, akakipapasa. Uso wote ulimng'aa. "Hebu tazameni. Hiki ndicho ninachokihubiri kila siku. Watu wangeviiga kama huyu mama, nani angehangaika kung'oa? Naomba nipige picha, mama. Nikawaonyeshe wenzangu."

"Piga, baba."

Akapiga. Kisha akageuka, na sauti yake ikarudi kuwa ya kazi. "Sasa, Bwana Hussen, unywe chai upesi ukachukue nguo zako. Mashua haitusubiri."

"Mimi sijui lilikokwenda," Hussen alisema. Alilisema bila nguvu, kama mtu aliyelisema mara nyingi mno. "Nimelinda pale tangu mke wangu yu hai. Haijapotea hata kokoto."

"Nimekusikia. Utawaambia hivyo hivyo Masoko."

Hussen alikishika kikombe kwa mikono yote miwili na bado kikagongana na sahani yake. Ule mgongano mdogo, ti-ti-ti, Mwanaidi aliusikia kuliko maneno yote. Alitazama kitambaa. Alitazama mlango. Kama kila mtu angekaa kimya wakati wa kunywa kikombe kimoja tu cha chai, jambo lingekwisha.

Umi hakuwa mtu wa kukaa kimya.

"Afisa umepiga picha vitoto, mama yao hujamwona!" alisema. "Mwanaidi, mfunulie mgeni kile kikubwa. Hata kama saruji ni uji, si atakunywa?"

Wakacheka tena. Fidelis naye akatabasamu, simu tayari mkononi. Likwata, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa uani, akafumba macho.

Mwanaidi alisimama. Baadaye Umi alisimulia kwamba rafiki yake alikwenda kwenye ukuta ule kama anayekwenda kunawa mikono, bila haraka. Alichomoa msumari mmoja kwa vidole, akashika kitambaa, akakivuta. Kikachanika penye misumari mingine.

Msokoto wa kamba ukaonekana, mweupe, safi, umetulia juu ya kidaka kama ulizaliwa hapo.

Fidelis alishusha simu.

"Niliomba," Mwanaidi alisema.

"Uliomba kwa nani?"

"Kwa wenyewe."

"Wenyewe kina nani, mama?"

"Wenye nyumba. Nilipiga hodi. Nilipeleka ubani."

"Na wakakujibu?"

"Hawakukataa."

Mwanamke mmoja mzee alitikisa kichwa kukubali, maana kwake jambo lilikuwa limefanywa sawasawa. Fidelis hakucheka. Alijifuta uso.

"Hata kwetu bara wazee huwaomba waliotangulia," alisema. "Sikudharau. Lakini wenye nyumba hawakuandika jina la mlinzi wa kulijibia jiwe hili. Sisi ndio tulioliandika, na nimemweka juani mtu asiye na kosa tangu asubuhi."

"Kosa ni langu. Mwache huyu."

"Basi jiwe litoke. Sasa hivi, kabla ya maji. Na likivunjika, mama, hapo mimi na wewe hatutazungumza tena hivi."

Likwata alikuja mbele, akaligusa jiwe, akagusa ukuta juu yake. "Mama Mwanaidi," alisema kwa sauti ya chini, "hili nililibebesha ukuta. Zuri kama hili, nilitaka lifanye kazi yake. Likitoka, ukuta wa juu hautabaki."

"Umemsikia mwenye mali," Mwanaidi alisema. "Toa."

Wanawake waliondoa vikombe. Waliburuta masofa hadi upande mwingine, mtu akaleta boriti za mikoko, Likwata akaegemeza mbili chini ya ukuta, akachukua tindo na nyundo. Mwanaidi alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalishika jiwe kwa mikono yake, kanga ikiwa katikati, ili lisidondoke. Kila nyundo ilipogonga aliisikia kwenye meno yake. Saruji ilibanduka vipande vipande. Vumbi likaingia kwenye vitumbua. Fidelis alisimama karibu, mikono mbele, kama anayesubiri kudaka mtoto.

"Polepole, fundi. Polepole."

"Napiga saruji, sipigi jiwe."

Likatikisika. Likateleza upande mmoja. Mwanaidi akaupokea uzito wote kifuani, akayumba, na Fidelis akaidaka ncha ya pili. Wakashuka nalo pamoja. Lilikuwa zima, ila kona moja imemeguka upana wa ukucha, na kijana aliipapasa kona ile kwa kidole gumba.

"Tokeni!" Likwata alipiga kelele.

Boriti moja ilikuwa imepinda. Wanawake wakakimbilia mlangoni wakikanyagana. Ukuta wa juu ulijikunja taratibu, ukameza vidaka vyote vitatu, chetezo na kila kitu, ukaangukia sakafuni kwa kishindo kilichowatimua kuku wa kijiji kizima. Vumbi lilipotulia, palikuwa na tundu kubwa kiasi cha kupitisha mbuzi.

Umi alikuwa wa kwanza kuingia. Aliangalia tundu, akaangalia rafiki yake. Kisha akachukua ufagio.

Nje, Fidelis alilifunga jiwe kwenye koti lake la mvua ili Hussen alirudishe magofuni. Alimwambia Mwanaidi afike Masoko Jumatatu, mwenyewe, asisubiri kuitwa. Kazi ya kufyeka asihesabu tena kuwa anayo. Hayo mengine hayakuwa mikononi mwake. Ila atasema kwamba alilitoa mwenyewe. Mwanaidi alijibu "Ndiyo, baba" kwa kila neno. Kisha kijana akaenda kuwaita mabaharia.

Hussen alibaki uani. Kofia ilikuwa imerudi kichwani. Mwanaidi alimwendea na kikombe kipya, maana cha mwanzo kilikuwa kimejaa vumbi.

"Shemeji. Hukunywa chai yako."

"Tangu asubuhi," Hussen alisema. "Tangu asubuhi natetemeka kule juani, natafuta jiwe kwenye majani kama mwendawazimu. Na wewe ulijua. Ulikuwa unakaanga vitumbua."

"Nilijua."

"Ungeniacha niondoke?"

Mwanaidi alitaka kusema hapana. Neno lilifika mdomoni, likakaa. Alikumbuka alivyoyahesabu maji.

"Sijui, shemeji," alisema.

Hussen alimtazama, kisha akatazama kikombe alichonyooshewa, mvuke ukipanda katikati yao. Hakukipokea. Aliinama akaliinua jiwe ndani ya koti, akaliweka begani, akashika njia ya magofuni, na hakugeuka nyuma.