Virginie Juu ya Mnara wa Canton

Ukimtafuta Virginie pale Mubi, mji mdogo wa Kivu, Kongo, usiulize yuko wapi. Uliza amepita saa ngapi. Mwanamke yule ni kiguu na njia. Duka lake la vipuri vya pikipiki lina kiti kizuri chenye mto, na anayekikalia ni paka. Mwenyewe husimama mlangoni, mara aende kwa wenye malori kuuliza barabara imekaaje, mara arudi kumkaripia fundi aliyeharibu tairi jipya. Hata kwenye misa husimama karibu na mlango, na padri alishachoka kumsema.

Sasa mtu wa namna hiyo mpeleke Guangzhou, jiji la Uchina ambako wachuuzi wa Kivu huenda kununua bidhaa, kisha mwambie vita vimerudi Masisi. Utamtuliza kwa lipi?

Mama yake, Béata, alikuwa Karuba, huko huko Masisi, peke yake na ng'ombe wake. Kwenye kijiji hicho réseau haishiki mabondeni. Mwenye simu hupanda kilima cha malisho na kusimama chini ya mkalitusi mmoja. Kila Jumapili baada ya misa mama na binti waliongea hapo, na safari hii pia waliahidiana hivyo: Virginie atapiga, Béata atapanda. Lakini Jumamosi habari zikafika kwamba risasi zinalia upande wa Mushaki na watu wa Karuba wanahama kuteremkia mji wa Sake.

Jumapili jioni Camille, mfanyabiashara wa Butembo aliyesafiri naye, alimkuta akizunguka chumba cha hoteli na simu mkononi. Kwao Karuba, huo ndio wakati misa hutoka.

"Dada, twende kwa ile tour yao, ule munara wa Canton. Dunia yote inakuyaka kuiona. Hapa utatoboa chini na kutembea."

"Iko murefu sana?"

"Inapita mawingu!"

"Twende."

Camille alidhani amemshinda kwa maneno. Kumbe mwenzake alikuwa akiwaza réseau, maana kwao anayetaka kusikika hupanda juu. Alipogundua hivyo njiani, Camille alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama weh! Huku réseau iko mpaka chini ya udongo, ndani ya treni!"

Virginie alilijua hilo kama yeye. Ila moyo ukiogopa hauna shule.

Lifti iliwapandisha hadi masikio yakaziba. Kule juu, nyuma ya vioo, jiji zima lilikuwa linaanza kuwasha taa, mto ukipita katikati na madaraja yakiuvuka. Watu walijipiga picha wakibinua midomo. Camille alikanyaga sakafu ya kioo, akatazama chini, akamtaja Bikira Maria. Virginie hakutazama kitu. Alipiga, haipatikani. Akahamia dirisha lingine, akapiga, haipatikani. Aliuzunguka mnara wote akimkanyaga huyu na kumpiga kikumbo yule, mpaka mlinzi akaanza kumfuata kwa macho.

Mara hii simu ikaita upande wa pili, ikapokelewa.

"Allô? Virginie?" Upepo ulikuwa mwingi.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko hapa kwa mulima, nakungojea. Tangu jana."

"Na bantu bengine?"

"Bote balisha kushuka Sake. Batoto ba jirani Uwamariya balitaka kunibeba, nikakatala. Ulisema utaniita. Nikitoka hapa, utanipata wapi?"

Miaka yote hiyo sauti ya Virginie ilikuwa imemfikia mama chini ya mti ule tu. Kwa bibi yule, simu ilikuwa inakuja pale kilimani, kama mgeni anayekuja kwenye nyumba aliyoizoea.

"Mama, shuka! Simu itakufuata. Hata Sake nitakupata!"

"Aka! Haiyaniita kwengine hata siku moja. Hapa njo tunasikilizanaka."

Kishindo kikasikika kwenye simu, kizito, kikafuatwa na kingine. Béata alisema kwa upole, "Biko bado mbali. Ongea, mwana wangu, niko nakusikia muzuri."

Hapo Virginie akaona wazi kinachomfunga mama yake pale. Si ng'ombe wala uzee. Ni yeye na simu yake. Alifumba macho.

"Mama, sikiliza. Sitakuita tena."

"Unasema?"

"Leo njo mwisho. Ukae, usikae, sitaita tena hapo. Nimechoka na hii mambo ya kila Jumapili. Shuka, ufuate benzako."

Sauti ya Béata ikaja kupitia upepo.

"Nilikufanya nini, Virginie?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini kujibu kulikuwa kuongea, na kuongea kulikuwa kumzuia asiondoke. Akakata simu.

Alilia kwa sauti mbele ya watu, wala hakuona haya. Waliokuwa wakipiga picha wakampisha. Camille alikuja mbio, akamwuliza, akaelezwa kwa kwikwi. Naye ni mtoto wa mtu, machozi yalimlengalenga. Akatoa simu yake mwenyewe.

"Nipe numero, nimuite miye. Nimuelezee ile ulisema haikutoka kwa roho. Mama hawezi kushuka na mawazo ya vile."

Virginie alimkamata mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usiite, kaka, nakuomba! Akiitikia sasa, ni kusema mama iko bado pale kwa mulima."