Buti Nyekundu za Wifi Jerica

Kaka yangu Vinko hakuwa mbahili, nalisema hilo mapema maana watu wakisikia habari hizi humdhania vibaya. Alimpenda Jerica mpaka sisi dada zake tukaona wivu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alimnunulia mkewe vitu vya mtu mwingine.

Kwetu chini ya milima ya Karavanke mtoto huteleza kwenye theluji kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na Vinko aliwahi kuishindania klabu ya bonde letu. Jerica alitoka Piran huko pwani, binti wa wavuna chumvi, hajakanyaga ski, zile mbao za kutelezea, mpaka alipoolewa. Majira ya baridi ya kwanza Vinko akamletea ski ndefu na buti ngumu za mashindano. Akamsimamisha uani, akamwambia ainue mkono juu. Ncha ya ski ikafika kwenye kifundo cha mkono. Ndivyo baba alivyotupima sisi, na babu alivyompima baba. Nikamwambia kaka ampe fupi na laini, bibi arusi ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Akanijibu mke wake havai vitu vya kitoto.

Jerica akaanguka msimu mzima. Ski ndefu humgomea mtu mwoga, hazigeuki, na buti ngumu inataka mguu wenye nguvu ya kuikunja. Kucha mbili zikang'oka. Siku moja nilimsikia akimwambia Vinko, kwa upole, kwamba buti zinamuua. Akacheka, akambusu, akasema atazizoea. Msimu uliofuata akamletea nyekundu, nzuri ajabu, ngumu kuliko zile za kwanza.

Basi Jerica akasema yeye si mtu wa theluji. Akawa anapanda na mumewe kwa viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, mpaka kwenye kibanda cha chai, anakaa dirishani na kufuma soksi. Vinko akipita anapunga mkono, naye anapunga. Nikimtania, "Wifi, wewe na hicho kiti mtazikwa pamoja," anacheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakahama, na yeye bado yuko dirishani.

Kisha magoti ya Vinko yakaisha, daktari akampiga marufuku kuteleza. Novemba ile, kwenye mnada wa vifaa vilivyotumika katika ukumbi wa zimamoto, Jerica akaenda kuuza zile nyekundu, nami nikamsindikiza. Kwenye meza ya jirani alikuwepo Alenka, anayefundisha watu wazima wanaoanza kuteleza. Akazibonyeza zile buti, akauliza zilikuwa za nani. Jerica akasema zake.

"Mama, hizi hata mimi zinanishinda," Alenka akasema.

Akamvisha buti laini, pana vidoleni. Jerica akasimama, akakunja magoti, na buti ikamfuata. Akanishika mkono. "Wifi, haiumi," akasema, halafu akasema tena. Nilitaka kulia pale pale mbele za watu. Akazinunua, pamoja na ski zinazomfika kidevuni tu.

Akajifunza na Alenka kwenye kilima cha chini, hakumwambia Vinko mengi. Februari akashuka mlima wenyewe, mbele ya kile kibanda. Alikuwa akishuka taratibu, akigeuka huku na huku, hakuanguka hata mara moja. Mimi na Vinko tulikuwa ndani. Kaka akasimama, akaisahau hata fimbo yake.

Jerica aliingia mashavu mekundu, anacheka peke yake.

"Kumbe ungeweza," Vinko akamwambia. "Miaka yote hiyo tungekuwa tunashuka wote. Kwa nini hukuniambia zinaumiza?"

Jerica alikuwa anavua glavu. "Nilikwambia, mume wangu. Ukaniletea ngumu zaidi."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angefoka. Vinko akayatazama magoti yake. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja babu hawezi tena kumbeba. Nilimwonea huruma kaka yangu, na papo hapo nikatamani kumpiga kwa ile fimbo.

Kisha Vinko akamwambia mkewe aende tena kabla viti vya waya havijasimamishwa. Jerica akamsogezea chai yake, akavaa glavu, akatoka. Vinko akahamia kwenye kile kiti cha dirishani. Jerica alipopita, kaka akampungia mkono.