Kadi Tisa za Kijani

Ilianza Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, tukiwa tumetoka tu kuswali Asri. Abti, yaani ndugu yake mama, aliingia nyumbani kwetu mtaa wa Iftin na kompyuta ya kazini kwapani, akaketi mkekani, akasema, "Haya dada, leo utaona maajabu."

Mimi nilijua ataona nini.

Mama alikuwa anafunga mizigo. Asubuhi yake angepanda basi kwenda Hadado kukaa na nyanya likizo nzima, na mimi nilitakiwa kwenda naye. Sikutaka. Mwakani ni kidato cha nne na kemia inanishinda. Niliomba nibaki mjini kwa Abti nisome. Mama alikuwa amesema: nionyeshe kwanza kwamba ukiachwa peke yako unasoma.

Ndipo, wiki kadhaa kabla ya Jumamosi hiyo, Abti akaniwekea programu ambayo ofisini kwao hupangia miradi ya visima. Kila mada ya kemia ikawa kadi yenye siku yake ya mwisho, na safu zikawa tatu: Bado, Naendelea, Nimemaliza. Siku ikipita hujamaliza, kadi inageuka nyekundu. Ukiivuta hadi safu ya mwisho inageuka kijani. Na kila kadi ikisogezwa, simu ya Abti inalia.

Wiki ya kwanza nilisoma kweli, wallahi. Kadi tano. Ya sita ilikuwa sheria za gesi. Nikakwama, ikawa nyekundu, na kila nikifungua simu naikuta hapo. Nikaivuta tu. Nilijiambia nitaisoma kesho. Abti akanitumia ujumbe, "Maasha Allah, moto!" Baada ya hapo kuvuta kukawa rahisi kuliko kusoma. Kadi tisa nilizivuta hivyo.

Sasa zote kumi na nne zilikuwa kijani mbele ya mama.

"Za kijani ndizo amemaliza," Abti akasema. "Ni kama mbuzi walioingia zizini. Hakuna aliyebaki nje."

"Nani amemsikiliza?" mama akauliza.

Abti akacheka. "Dada, hii si dugsi ya Kurani."

"Kwenye dugsi mtoto haoshi ubao wake mpaka maalim asikie amehifadhi. Hapa nani anasema sasa osha?"

"Anajisemea mwenyewe."

"Mwenyewe!" Mama akaweka kamba chini. "Tangu lini mbuzi akajihesabu? Hooyo, njoo hapa." Hooyo ni mama, lakini na yeye huniita hivyo.

Mama hajui kusoma. Alifuata rangi tu, akagusa kioo kwa kidole, na kadi iliyofunguka ilikuwa ya gesi.

"Hii. Nisomee kwa moyo."

Nikafikiri, niko salama. Kemia tunafundishwa kwa Kiingereza, na mama hajui hata neno moja la Kiingereza. Abti mwenyewe aliiacha kemia zamani. Nikatunga kwa Kiingereza. Presha, joto, ujazo, nikayapanga yalivyonijia, harakaharaka. Abti akawa anaitikia kwa kichwa, kwa fahari. Mama hakuitazama kompyuta. Alitazama mdomo wangu.

"Tena," akasema.

Nikasema tena. Nikavuta mtandio mbele.

"Tena."

Mara ya tatu akaninyamazisha. "Si yaleyale. Mara ya kwanza katikati palikuwa parefu, sasa umeparuka. Na mwisho umeubadilisha."

Mama amewasikiliza kaka zangu wote wakihifadhi Kurani, kwa Kiarabu asichokielewa. Sikio lake halingoji maana. Mimi hilo sikuliwaza kabisa.

Abti akaacha kuitikia. "Abti," akaniambia taratibu, maana naye huniita vilevile, "hii umeisoma?"

Ningeweza kusema nimesahau. Nusura niseme.

"Sijaisoma. Tisa sijazisoma."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Abti alifunga kompyuta, akajaribu mzaha: "Hata ofisini kwetu watu huvuta kadi kabla mkubwa hajafungua."

"Ndiyo maana visima vyenu havimaliziki," mama akasema, wala hakucheka. Akanigeukia. "Utakuja Hadado. Si adhabu. Kwa Abti wote wanashinda kazini, hakuna atakayekaa akusikilize. Mimi nitakaa."

Nililia jikoni, nimeupa mlango mgongo. Nilimchukia mama kidogo. Naandika ukweli.

Asubuhi, kabla hatujaenda stendi, nilizivuta kadi tisa kurudi Bado, moja moja. Papo hapo zikawa nyekundu. Nilijua huko kwake simu ya Abti inalia kila nikivuta, na kila mara nilisita kabla ya ile inayofuata. Kisha nikaziandika zote kwenye daftari, kwa sababu kule kwa nyanya mtandao ni wa bahati. Ndani ya basi, kabla halijaondoka, nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa gesi, nikaanza kumsomea mama polepole, kwa sauti ndogo sana, maana watu walikuwa wanatuangalia.