Prosesa Iliyoingia Ikakataa Kuwaka

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye duka la kompyuta, Meneja aliweka mezani mazabodi mbili, yaani zile mbao za ndani ya kompyuta ambazo vifaa vingine vyote huchomekwa juu yake. Akaniuliza zinatofautiana nini. Nilizitazama mpaka jasho likanitoka.

"Moja ya kijani, nyingine ya kahawia," nikasema.

"Kwani nimekuajiri upake rangi?"

Akanionyesha soketi, kile kitako chenye vitundu vingi ambamo prosesa hukaa. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na chini yake ina miguu myembamba kama sindano. Kila aina ya miguu ina soketi yake. Niliitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa. Ufundi nilijifunza peke yangu, kwa kusoma vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, na nilikuwa naogopa mno kuonekana sijui.

Ninyi mnaoanza ufundi leo mtashangaa, lakini milango ya biashara huria ilipofunguliwa, kompyuta zilifika Singida mjini kama mitumba. Makampuni yaliyoshindana yalikuwa kila moja na soketi yake, na kampuni hiyohiyo ilibadilisha soketi kabla hujaizoea ya kwanza. Nyingine haikuwa na kitako kabisa. Prosesa ilisimama wima kwenye mfereji kama mkate kwenye kibaniko. Nililala nikiwaza miguu na kuamka nikiwaza miguu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Salome. Alikuwa katibu muhtasi wa shirika la umma, likabinafsishwa, akapunguzwa kazi. Kiinua mgongo alikinunulia kompyuta moja na printa, akauza taipureta yake, akafungua ofisi ya uchapaji jirani na mashine ya kukamua alizeti. Vumbi la makapi likaziba feni ya kompyuta na prosesa ikaungua. Ilikuwa Jumanne. Jumatatu iliyofuata alitakiwa kukabidhi mitihani ya majaribio ya shule za msingi, kazi ambayo ingemletea wateja mwaka mzima. Akishindwa, Mwalimu Mkuu aliyemwamini angeihamishia kwa mchapaji wa stendi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinisalimie tu, niambie itapona?"

Nilikwenda kwenye kibanda cha simu na Meneja kumpigia muuzaji wetu wa Dar es Salaam. Akasema za soketi yetu, ile ya miguu mia tatu na sabini, anazo mbili: ya zamani, ya polepole, na mpya, yenye kasi. "Miguu ni ileile," akasema.

"Chukua mpya," Meneja akaniambia. "Nani anakwenda mnadani kununua ng'ombe mzee?"

Mama Salome, aliyetufuata mpaka mlangoni, akasema, "Mimi nataka inayowaka."

Sikuweza kuamua. Ya polepole ilinitia aibu, ya kasi ilinitia hofu. Nikafanya tulivyozoea kufanya sisi tulio mbali na maduka: kutuma kipimo. Mtu wa kijijini Ilongero akitaka bomba la pampu hutuma kipande cha lile la zamani. Akitaka kitasa hutuma funguo. Mimi nililaza karatasi nyeupe, juu yake kaboni iliyobaki tangu enzi za taipureta, nikaikandamiza polepole prosesa iliyoungua. Vikatokea vidoti safi, mraba uliokatwa kona. Nikarudia mara kadhaa kwa sababu kidoti kimoja kilififia. Karatasi nikampa kondakta wa basi ampelekee muuzaji, na maelekezo: ile mpya, mradi ilingane na hii.

Ijumaa prosesa ilifika. Ililingana kidoti kwa kidoti. Ikazama kwenye soketi bila kusukumwa, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Nikaitoa, nikaisafisha kwa spiriti, nikairudisha. Cheusi. Nikabadilisha kadi ya kumbukumbu, waya, hata meza. Imeingia vizuri hivi, inakataa nini?

"Labda haijatuzoea," Meneja akasema, lakini hakucheka.

Mama Salome alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. "Taipureta nimeshauza," akasema, bila kumwambia yeyote.

Hapo nikakumbuka kompyuta ya mapokezi, ya dukani kwetu. Ilikuwa na soketi ileile na prosesa ya zamani, ya polepole kuliko hata iliyoungua.

"Meneja, tutoe ya kwetu."

"Halafu wateja wakiingia waone nini? Fundi wa kompyuta ambaye kompyuta yake imekufa?"

"Ndiyo."

Alinitazama, akamtazama Mama Salome, akavua koti akaifungua mwenyewe. Prosesa ile kuukuu ikawaka mara ya kwanza. Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu alibeba mitihani yake kwenye baiskeli.

Baadaye nilihamishiwa Manyoni, chini ya Msimamizi wa Tawi aliyetaka kila skrubu ihesabiwe. Huko ndiko nilikosoma kwamba prosesa mpya zilitaka umeme wa kiwango kingine na mpangilio mwingine wa kazi za miguu, ingawa zilikaa kwenye soketi yenye umbo lilelile. Nilisoma ukurasa ule mpaka ukalegea. Sidhani kama niliuelewa wote. Kabla sijauelewa, soketi nyingine ilikuwa imeshatoka.

Niliacha ufundi nikiwa bado sina mvi. Sasa nashughulika na alizeti. Watu huniuliza kama nilichoka. Nilichanganyikiwa tu, muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia.

Wiki ya mwisho ya kazi nilirudi Singida, nikapita kwa Mama Salome na zawadi ya kumuaga: mazabodi nyingine na prosesa ya kasi inayolingana nayo, nimezijaribu pamoja, zinawaka. Kompyuta yake ilikuwa inafungua barua kwa kusuasua, nami vidole vikiniwasha.

"Nikuwekee, Mama. Itakuwa upesi mara nyingi."

Akaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta. "Hii inaniendesha. Usiiguse."

"Lakini, Mama..."

"Kunywa chai, mwanangu."

Nikanywa chai. Barua ilikuwa bado inafunguka nilipoondoka.